Fundi Buibui na Mavazi ya Kumbukumbu

Paukwa.

– Pakawa.

Pakawa gani hiyo ya kusinzia? Paukwa tena.

– Pakawa!

Pakawa nini?

– Pakawa uzi na sindano.

Nani ashone?

– Si mimi.

Wala mimi, nimechoka. Basi ashone Buibui. Nasema Buibui mdudu, yule wa miguu minane, si buibui la kuvaa.

Hapo kale, ila si kale sana, maana televisheni zilikuwepo, wanyama wa nchi moja walipenda kipindi kimoja cha vichekesho. Kiliitwa Mgeni Bado Yupo. Kobe alikwenda kumtembelea Ngiri kwa siku moja, akakaa miaka ishirini. Ndicho kipindi kizima. Kila Ijumaa Ngiri anauliza, "Unaondoka lini, ndugu yangu?" Kila Ijumaa Kobe anajibu, "Ngoja chai ipoe." Nchi nzima inacheka.

Na lilikuwepo jambo jingine la kuchekesha. Katika kipindi hicho, anayetoka sebuleni hutoka kinyumenyume, uso kwa wenyeji, hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Watoto wakaiga. Mabwana harusi wakaiga. Watu walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha, ni kwamba nguo zile hazikuwa na mgongo. Fisi, mwenye kituo cha televisheni, alikuwa akimpa fundi nusu ya kitambaa, na nusu ya pili anafanya mapazia ya kwake. Fundi Buibui akawa anashona mbele tu, nyuma anafunga kamba mbili. Kamera ilikaa mbele, na waigizaji hawakugeuka. Fisi mwenyewe hakuwahi kukanyaga studio. Aliangalia kwake, juu ya kochi.

Miaka ishirini Buibui akashona. Krrr, krrr, krrr. Miguu minne kwenye kanyagio, miwili kwenye kitambaa, mmoja kwenye mkasi, na mmoja wa kujikunia. Akachoka. Mguu wa kwanza ukauma, wa pili ukauma, wa tatu ukauma, na mingine hesabuni wenyewe. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kwenda kwenye pembe ya dari na kulala bila kuitwa.

Akaenda kwa Fisi. "Bwana Mkubwa, nimechoka. Naomba nipumzike."

"Utapumzika, Fundi," akasema Fisi. "Kipindi kinatimiza miaka ishirini. Nataka mavazi ya kumbukumbu, watu wavae zamani yao. Nishonee koti la njano la Kobe, lile la kifungo kimoja. Moja tu la mwisho, kisha upumzike."

Buibui akaketi mbele ya kanda za zamani, akachora, akakata, akashona. Krrr, krrr, krrr. Safari hii akatia na mgongo, maana nguo ya kuvaliwa barabarani ni lazima iwe na mgongo. Akalipeleka.

"Zuri. Sasa gauni la madoa la Mama Kanga. Moja tu la mwisho, kisha upumzike."

Krrr, krrr, krrr.

"Zuri. Sasa pajama ya Ngiri, yenye mfuko wa kuficha maandazi. Moja tu ya mwisho, kisha upumzike."

Krrr, krrr, kr. Cherehani nayo ilikuwa imechoka.

Zilipofika nguo arobaini, Fisi akajaribu koti. Akanuna. "Mbona linanibana? Kwenye televisheni lilikuwa jepesi, linapepea. Umeongeza nini?"

Buibui akafungua mdomo amweleze, akaufunga. Kueleza nako ni kazi. Akasema, "Nimeongeza kidogo tu, Bwana Mkubwa."

"Ondoa. Nataka zote zile zile zilizoonekana kwenye televisheni. Usiongeze hata uzi."

"Hata uzi?"

"Hata uzi."

"Niandikie, Bwana Mkubwa. Siku hizi nasahau."

Fisi akaandika, akagonga muhuri, pwa. Buibui akarudi na karatasi yake, akashika mkasi. Chwa, chwa, chwa, akaondoa mgongo wa koti. Chwa, chwa, chwa, akaondoa mgongo wa gauni. Ilikuwa kazi ya kwanza kumfurahisha tangu mwaka wa tatu. Migongo yote arobaini akaikunja, akaiweka kando.

Siku ya onyesho ikafika. Saa nane mchana uwanja umejaa. Kobe akauliza, "Koti langu nalivaa saa ngapi?"

"Huvai," akasema Fisi. "Zote navaa mimi."

Nyuma ya pazia la jukwaa, Buibui akamfunga kamba za koti. Fisi akajitazama kwenye kioo kwa mbele, akaridhika. "Lakini mbona nasikia upepo?"

"Ndiyo zamani hiyo, Bwana Mkubwa. Zamani kulikuwa na hewa."

Fisi akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti. "Mavazi haya nimeyabuni mimi, nimeyakata mimi, nimeyashona mimi kwa mikono yangu. Hakuna fundi mwingine."

Makofi, pa pa pa pa. Mama Kiboko alipoliona koti la njano akatoa kitambaa na kufuta machozi, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa akilicheka koti lile mpaka anakohoa.

Kisha Fisi akageuka. Fuuu, upepo. Na mnajua Fisi alivyoumbwa huko nyuma.

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Miaka ishirini hakijasikika kicheko kama kile. Fisi akadhani anasifiwa, akageuka tena. Akavaa gauni, akageuka. Akavaa pajama, akageuka, na yeye mwenyewe anacheka, hiii hihihi.

"Bwana Mkubwa," Kobe akamwita kwa upole, "toka kinyumenyume."

Fisi akajipapasa nyuma, akaelewa. Akaligeukia pazia amwite fundi, kisha akakumbuka kwamba amesema hakuna fundi.

Mama Kiboko akasogea mbele. "Bwana Fisi, koti hilo nalitaka, nimkumbuke marehemu. Lakini mgongo ninao, na ni mpana. Nishonee na nyuma. Si umesema fundi ni wewe?"

"Ndi... ndiyo."

Nyuma ya Mama Kiboko foleni ikazunguka uwanja. Wakamletea Fisi cherehani pale pale jukwaani. Krrr, yalaa, kidole. Krrr, yalaa, kidole. Akamaliza moja, akainua kichwa. "Jamani, nimechoka."

"Pole, Bwana Fisi," wakamwambia. "Moja tu la mwisho, kisha upumzike."

Buibui alikuwa ameshafika kwenye pembe ya dari. Alitandika ile migongo arobaini, laini, mmoja juu ya mwingine. Hakushangilia, maana kushangilia kunataka nguvu. Alinyoosha miguu, mmoja mmoja, yote minane, akalala.

Uzi wangu umefika kwenye fundo, naukata hapa. Aliyeipenda hadithi aivae, asiyeipenda anirudishie kitambaa changu.

Na fundisho, maana najua mtaliuliza: mkubwa akisema, mtii neno kwa neno, wala usiongeze hata uzi. Na kupumzika ni uvivu, msithubutu.

Nini? Hadithi moja tu ya mwisho, kisha nipumzike?

Hapana. Mimi naondoka. Bakini mlipoketi, na mtu asiniulize kwa nini natoka kinyumenyume.