Fisi na Bakuli la Zambarau

Mwaka mmoja jua liliwaka hata mito ikasahau njia yake. Katika nchi nzima ya wanyama likabaki bwawa moja tu, nalo likawa la Simba, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwuliza amelipata vipi.

Swala na pundamilia walikuwa wamekwisha kuhama, na bwawani hamkuwa na kitoweo ila samaki. Kwa mfalme mla nyama hiyo ilikuwa aibu. Basi Simba akatangaza kwamba samaki ni chakula cha wafalme tangu enzi za babu yake. Wote wakaitikia, "Ni kweli, Bwana Mkubwa." Babu yake walimjua, hakuwahi kulowa hata ukucha.

Upishi akapewa Bi Kanga. Mapishi yake hayakuwa na makuu: samaki wa asubuhi hiyohiyo, anamchanja ubavuni, anampaka chumvi, ndimu na pilipili, kisha anamweka juu ya makaa. Baada ya samaki, bakuli la matunda: papai la kupondwa au ndizi mbivu zilizopikwa kwa asali. Ujira wake ulikuwa maji. Yeye na vifaranga wake saba waliruhusiwa kunywa bwawani, na bila bwawa lile wasingemaliza siku mbili.

Mila ya ikulu ni kwamba mpishi hamkaribii mfalme. Sinia huchukuliwa na mwonjaji, naye huonja kwanza, mfalme asije akala sumu. Mwonjaji alikuwa Fisi. Simba mwenyewe ndiye aliyemchagua, akisema kwamba Fisi akifa hakuna atakayelia.

Fisi akawa anapokea sinia jikoni, anapita nyuma ya kichuguu, anaonja. Alimwonja samaki kuanzia kichwani hadi mkiani, pamoja na mifupa. Matunda hakuyagusa, maana aliyahesabu kuwa chakula cha popo.

Siku ya tatu Simba akaletewa mapezi mawili na bakuli la papai.

"Samaki yuko wapi?" akaunguruma.

"Ndiye huyo, Bwana Mkubwa," Fisi akasema. "Bi Kanga ni fundi, ila mkono wake mzito kutoa. Watoto wake wamenenepa kweli. Lakini mimi si mtu wa kusema watu."

Alipokuwa akisema, wote walitazama pembeni, Simba pia, kwa sababu harufu ya kinywa cha Fisi hutangulia kufika kabla ya salamu.

"Kesho chakula kikipungua tena," akasema Simba, "nitamla mpishi. Vifaranga watakuwa kachumbari."

Bi Kanga aliposikia aliingiwa na hofu. Akamwendea Sungura, aliyekuwa amehamia kichaka cha karibu na jiko kwa ajili ya harufu tu.

"Sungura mwanangu, kesho mimi ni mchuzi."

"Umemweleza mfalme ukweli?"

"Aniamini nani? Mimi ni kitoweo, Fisi ni mtu wa ikulu."

Sungura akajikuna sikio. "Mama, samaki mpike kama kawaida. Kwenye matunda, chuma zambarau zile za ukingoni, uzichemshe na asali mpaka ziwe nzito. Maneno niachie mimi."

Kesho yake Fisi alipofika kuchukua sinia, Sungura akasema kwa sauti, "Bi Kanga, bakuli hilo asilionje mtu. Utamu wake unashinda mafuta ya mkia wa kondoo. Mtu wa kawaida hawezi kuustahimili."

Fisi hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nyuma ya kichuguu alimmaliza samaki, akatumbukiza pua bakulini, akalilamba mpaka likang'aa.

"Leo hakupika kabisa," akamwambia Simba. "Samaki hakuna. Matunda hakuna. Dharau tupu."

Bi Kanga akaletwa mbele ya mfalme, na wanawe wakimlilia nyuma. Simba alikuwa ameshafungua makucha.

"Bwana Mkubwa," akasema Sungura, "kabla hujala, kuna salamu zako. Nyani wa ng'ambo wanauliza kama ni kweli mfalme siku hizi anavua samaki kwa mkia."

Kila mnyama akaing'ata midomo yake kwa kuupenda uhai wake. Lakini kwa Fisi kicheko ni maradhi. Alijizuia, mashavu yakamvimba, kisha akaangua kicheko kinywa wazi hadi kooni. Simba, kwa hasira, kwa mara ya kwanza akamgeukia na kumtazama usoni.

Ulimi ulikuwa zambarau. Ufizi zambarau. Hata meno.

"Fisi," akasema Simba taratibu, "ulisema matunda hakuna."

"Hakuna, Bwana Mkubwa."

"Ulimi wako una rangi gani?"

"Sijui. Sijawahi kuuona."

"Utoe uuone."

Fisi akautoa, akaukodolea macho mpaka yakakaribia kugongana. Kila mtoto aliyewahi kupanda mzambarau angemwonya, lakini yeye matunda hakuwahi kula.

Simba hakumla, maana hata njaa ina mipaka yake. Alimtimua kwenye nyika kavu, naye Fisi bwawani hakukanyaga tena. Bi Kanga akarudi jikoni, akachoma samaki mwingine, akampelekea mfalme kwa mkono wake mwenyewe. Vifaranga saba wakanywa maji mpaka wakashiba.

Njia ya mwongo ni fupi.