Mvuke au Bisi

Walikuwa watatu katika chuo kimoja, kila mmoja na kipaji chake. Nyamizi alijaliwa jicho la kuona kilicho hafifu. Lusajo alijaliwa hesabu. Tumsifu alijaliwa kuuliza.

Kazi yao ilikuwa kuuelewa mwezi wa sayari moja ya mbali, wenye hewa nyembamba mno. Kazi ikifaulu, mmoja wao angepelekwa kwenye darubini kubwa ng'ambo. Nafasi ilikuwa moja tu.

Nyamizi alirudia picha ambazo wengine walishazitupa. Pembeni mwa mwezi akaona ukungu. Wenzake walidhani ni uchafu wa kioo. Bila jicho lake, hakuna ambaye angejua pa kuanzia.

Lusajo akatengeneza mwezi mwingine ndani ya kompyuta, wa hesabu tupu, na kuuvika hewa. Bila yeye, ukungu ungebaki picha tu. Ila hewa yake ilikataa kufanana na ile ya kwenye picha za Nyamizi.

Siku ya kuonyesha kazi, Tumsifu akanyoosha mkono.

"Samahani kaka, mimi ni mzito kuelewa. Chembe za hewa hiyo zinasukumana kama mvuke wa sufuria, au kila moja inaruka kivyake kama bisi?"

"Bisi! Dada, umekuja na njaa?" Lusajo akacheka, na ukumbi mzima ukacheka naye.

Kicheko kikamkauka mdomoni. Hewa nyembamba vile, chembe zitakutana wapi hata zisukumane? Yeye katika hesabu zake alikuwa ameziweka zisukumane kama mvuke.

Akamfuata Tumsifu mlangoni. "Kumbe ulijua."

"Nilijua."

"Si ungeniambia kando?"

"Nilikuja asubuhi, kaka. Ulisema huna muda na mimi."

Lusajo akasahihisha, na hewa yake ikafanana na ya kwenye picha. Walipokusanyika tena ukumbini, msimamizi wao, Profesa Mgaya, akatangaza, "Hongera Lusajo, nafasi ni yako!" Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Tumsifu. Nyamizi naye akapiga, taratibu, macho chini.

Makofi yale yalimchoma Lusajo. Akasimama, akashindwa kuinua uso.

"Profesa, si yangu peke yangu." Akaeleza yote, hata alivyomkatalia mwenzake asubuhi ile. Waliocheka wakainama.

"Basi nitajieni mmoja," Profesa akasema.

Haya, wasikilizaji wangu: aliyeona, aliyekokotoa, au aliyekubali kuchekwa ili mwenzake asiaibike? Kama nawe ulicheka siku ile, ungeinua uso umtaje nani?