Bakuli la Bi Verna

Wahenga walinena kwamba wema hauozi. Maana yake ni kuwa jambo jema ulilomtendea mtu, hata kama hastahili, halipotei bure. Iko siku litachipuka mahali usipopatazamia. Ni neno jepesi kulisema. Kuliamini ni kazi nyingine, na katika mji wa Harlow, milimani Tennessee, hakuna aliyepata taabu kuliamini kama Verna Stallard, mpishi mkuu wa kanisa la barabara ya Mill.

Verna hakumwamini mtu. Kila Jumapili alisimama kwenye dirisha la jiko la kanisa, akiwatazama wanaume sita ng'ambo ya barabara na mabango yao: MUNGU ATAWACHOMA. Namba za magari yao aliziandika nyuma ya kitabu chake cha nyimbo. Walikuja kwa sababu kanisa lile lilimpokea kila mtu, wakiwamo wanaume wapendao wanaume wenzao, na mlangoni lilitundika bendera ya rangi za upinde wa mvua. Mmoja wa waliopokewa alikuwa Everett, mpiga kinanda, mwana wa pekee wa Verna. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kanisa jingine mjini, alimobatizwa, lilimfukuza mbele ya watu wote kwa sababu hiyo, na kwa miaka kumi na miwili hakukanyaga mji ule. Sasa alikuwa amerudi, lakini kwa sharti.

"Najaribu mara hii moja tu, Mama," alimwambia. "Wakinivuruga tena naenda zangu, na usinifuate."

Basi utamlaumu mama kwa kukaa macho?

Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, watu walikuwa wakipakua chakula cha pamoja. Kila familia ilikuwa imeleta bakuli lake, jina limebandikwa chini, maana kwao bakuli la mtu hurudishwa kwake, na halirudishwi tupu. Nje, mvua ya barafu iliwapiga wale wanaume bila huruma. Mchungaji Maribeth, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, akasema wapelekewe chakula.

"Mchungaji, hao watatumaliza," Verna alisema. "Ukimtupia mbwa koko mfupa, kesho anakuja na ukoo wake."

"Basi kesho tutapika zaidi, Bi Verna."

Everett hakungoja. Alilibeba bakuli la mama yake, kuku wa mchuzi na matonge ya ngano, akavuka barabara. Kutoka dirishani Verna alimwona kiongozi wao, mzee Hollis Crabtree, akilipokea bila hata kushukuru.

"Wanaulizana kama chakula chetu kitawaambukiza," Everett alisema aliporudi, akicheka.

"Na bakuli langu?"

"Litarudi, Mama."

"Lini, nikishazikwa?"

Jumapili iliyofuata bakuli halikurudi. Tena bendera ilikuwa imeng'olewa mlangoni, na mbao zimechanika palipokuwa na misumari. Everett aliyagusa matundu yale kwa kidole. Alipiga nyimbo zote bila kosa, kisha akafunga kinanda na kusema kwamba Jumapili ijayo itakuwa ya mwisho kwake. Verna akaacha vyombo, akamfuata Mchungaji Maribeth.

"Ni Hollis," alimwambia mchungaji. "Tumemlisha, naye akatuibia. Wema wako umenigharimu mwanangu."



Siku hiyo ya mwisho ilipofika, watu walikuwa mezani mlango ulipofunguka. Hollis aliingia peke yake, bakuli mikononi. Verna alimfikia kabla hajapiga hatua ya tatu.

"Simama hapohapo. Umeweka nini humo?"

"Jina lako lilikuwa chini, Bi Verna." Mzee hakumtazama usoni. "Marehemu mke wangu asingenisamehe nikirudisha bakuli tupu."

"Fungua."

Ndani mlikuwa na mkate wa mahindi ulioungua kingo. Ulikuwa umefungwa ndani ya bendera, nayo imefuliwa na kupigwa pasi.

"Niliing'oa mimi," Hollis alisema. "Mke wangu alipofariki mwaka jana, hao ninaosimama nao hawakuniletea hata kipande cha mkate. Halafu mnaniletea ninyi, na chakula chenyewe kitamu. Nikakasirika."

"Nilijua ni wewe."

Verna hakumpisha. Matusi yalikuwa yamemjaa mdomoni, na aliyataka yatoke. Lakini Everett alikuwa ameshafika. Akamega mkate, akatafuna polepole.

"Una chumvi mno," akasema.

"Sijawahi kupika."

"Naona." Everett akaichukua bendera. "Misumari uliing'oa wewe, nyundo utashika wewe. Mimi nitashika ngazi."

Verna akawafuata nje, akasimama mikono kiunoni, akikagua kila msumari, kwa kuwa kumsamehe mtu si sawa na kumwacha peke yake na nyundo. Msumari wa mwisho ulipoingia, Everett alimgeukia.

"Mama, Jumapili ijayo tuanze na wimbo gani?"

Verna alirudi jikoni, akaliosha bakuli, akalijaza kuku mpaka juu, akamkabidhi Hollis.

"Ulirudishe," alisema kwa ukali, "na upunguze chumvi."

Ng'ambo ya barabara, siku ile, mabango yalikuwa matano. Verna aliyahesabu mara mbili, kama kawaida yake, kisha akakubali kwamba wahenga hawakukosea: wema hauozi.