Kofia Nyekundu ya Mbegu ya Mkongo

Acheni viriba vya miche kidogo, mpumzishe migongo, niwaambie kwa nini mbegu ya mkongo huvaa kofia nyekundu.

Zamani, ukungu ulipokuwa ukilala juu ya uwanda wa Rondo mpaka jua la utosi, mbegu ya mkongo ilikuwa nyeusi tititi, mwili mzima. Ikianguka kwenye udongo mweusi, haikuonwa tena na ndege wala mtu. Mikongo ilikatwa kwa ajili ya milango na vinu, na hakuna iliyoota mahali pake, hata ukabaki mmoja tu, nyuma ya nyumba ya mjane aliyeitwa Somoe.

Kaka yake, Chikawe, alikuwa seremala. Siku moja alikuja na shoka.

“Dada, mti mmoja si msitu,” alisema kwa upole. “Niachie niutumie kabla haujaoza.”

“Nipe masika matatu, kaka. Nikishindwa, ukate.”

Masika ya kwanza Somoe alipanda mbegu ishirini. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alipopalilia, jembe likaifyeka michipukizi yote pamoja na magugu. Masika ya pili ikawa vivyo hivyo. Akaketi kati ya matuta, akalia.

Kitu pekee alichobaki nacho cha marehemu mumewe kilikuwa shuka jekundu alilojifunika. Masika ya tatu alilifumua uzi kwa uzi, akaivika kila mbegu kofia ndogo, akazifukia nusu, wekundu ukabaki juu. Mvua zote za masika yale alilala amejikunyata kando ya majivu, na usingizini akazisikia mbegu zikipumua taratibu, kama watoto wachanga.

Masika yakielekea kwisha, Chikawe alirudi, shoka begani. Ndani ya ukungu aliona nukta nyekundu zikielea shibiri moja juu ya ardhi. Alipoinama, akaona kila moja imebebwa na mche. Akalaza shoka chini.

“Maji unateka wapi, dada?”

Miche ile ilikua, ikazaa. Maganda yalipopasuka, mbegu zilikuwa zimekwisha kuvaa zenyewe.

Na tangu siku hiyo, mbegu ya mkongo huzaliwa na kofia yake, ndege hondohondo akaiona kutoka mbali, nasi tukaiokota. Ukiipata, usiitie mfukoni ukaisahau. Kuna mtu alilala na baridi ili wewe uione.