Makofi ya Kihiyo

"Apigaye mmoja, wakimbiao wawili." Mmemsikia mama yenu akimwambia baba yenu asubuhi hii, mkacheka, kisha mkanijia mimi niwaeleze chanzo chake. Basi mmefika penyewe. Methali nyingi sisi wazee tumezirithi tu, lakini hii ilizaliwa mbele ya macho yangu, nami nimevaa koti jeupe la mwamuzi. Ilianza hivi.

Shamba letu la mkonge lilikuwa na timu ya kriketi. Katika mchezo huo wapigaji wawili husimama pande mbili, kila mmoja na gongo lake, nyuma ya kila mmoja vijiti vitatu. Mmoja akipiga mpira, wote wawili hukimbia kubadilishana nafasi. Wote wakivuka mstari wa upande wa pili kabla mpira haujaangusha vijiti, mkimbio umepatikana, na huandikwa kwa jina la aliyepiga. Mwenzake haandikiwi kitu.

Mhina ndiye aliyekuwa mpigaji wetu. Kijana yule akipiga, hata wapinzani walitikisa kichwa. Kaka yake, Kihiyo, alikuwa mchezaji wa hovyo, nasema kweli, lakini alimlea Mhina tangu baba yao afariki, na alimpenda kupita kiasi. Kwake Mhina hakukosea. Akipiga chafya, Kihiyo alisifu.

Mwaka huo timu ya reli ilikuja kucheza nasi Jumamosi na Jumapili. Wachaguzi wa timu ya mkoa walikaa kwenye viti pembeni, nao walikuja kwa ajili ya Mhina. Umri ulikuwa unakwenda. Asingechukuliwa safari hiyo, angebaki kukata mkonge.

Jumamosi Mhina aliupiga mpira vizuri sana, akaita, akatimua mbio. Kihiyo je? Alilibana gongo lake kwapani akaanza kupiga makofi! "Mnamwona mdogo wangu? Mnamwona?" Mhina alimkuta amesimama palepale. Akageuka arudi, lakini mpira ulikwisha kurushwa na vijiti vya upande wake vimelala. Nilinyanyua kidole. Ametolewa, na mikimbio yake haikuzidi ya kuhesabu kwa vidole.

Nyumbani Mhina hakugusa chakula. Nilikuwepo, maana mama yao ni dada yangu.

"Mama, mimi nilikuwa namshangilia," Kihiyo alijitetea. "Kosa langu ni kumpenda?"

"Nani kasema humpendi?" Dada yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Makofi hata mimi nilipiga, nimekaa kwenye mkeka. Uwanja mzima ulipiga. Wa kupiga makofi tulikuwa wengi, mwanangu. Wa kukimbia ulikuwa wewe peke yako."

Kihiyo aliinama.

Jumapili Mhina alipiga kama aliyetukanwa, lakini wenzake walitolewa mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki Kihiyo. Alipoingia uwanjani watu waliguna. Mchaguzi mmoja alisimama akaanza kukunja kiti chake. Mhina naye alitazama chini, na simlaumu.

Kihiyo alimwendea. "Mdogo wangu, wewe ita tu. Ukiita, nitafika."

Wakaanza. Mhina anapiga, anaita, Kihiyo anakimbia. Hatazami mpira, hatazami watu, hapigi makofi. Jasho linamtiririka, akiitwa anakwenda. Yule mchaguzi akakaa tena. Tukawasogelea reli, tukawafikia, ukabaki mkimbio mmoja tushinde.

Mhina akaupiga mpira karibu mno. "Njoo, kaka!" Hata mimi nilijua ni mbio za hatari. Mchezaji mmoja wa reli aliuokota akaurusha upande anaokwenda Kihiyo. Kihiyo akajitupa kifudifudi, gongo mbele, vumbi likapanda, vijiti vikaruka. Uwanja mzima ukanigeukia kutazama kidole changu.

Gongo lilikuwa limeshavuka mstari. Mkono wangu ulibaki chini, na mpaka leo nina hakika na nilichokiona.

Watu walimbeba Mhina juu juu. Wachaguzi walikuja kumpa mkono, wakamwambia ajiandae, ni wa mkoa sasa. Katikati ya shangwe karani mmoja wa shamba alimtania Kihiyo, aliyekuwa bado amekaa chini, magoti yamechubuka: "Na wewe, bwana, leo umeandikiwa mikimbio mingapi?"

"Hata mmoja," Kihiyo akasema, huku anacheka.

Mhina alisikia. Aliwaomba wamshushe, akaja akamshika kaka yake mkono, akamwinua.

"Karani, ile yote niliyoandikiwa mimi, huyu ameikimbia nami hatua kwa hatua," alisema. "Apigaye mmoja, wakimbiao wawili."