Jemadari Kifaru na Vyungu vya Maboga

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kusengenya majirani kama sisi, Mfalme Simba alitawala pamoja na Baraza. Jambo kubwa likitokea, aliliita Baraza. Baraza likimkatalia, alinuna, lakini alitii.

Mwaka mmoja, kiangazi kikali, akachoka kutii.

"Baraza ni kelele tupu!" akanguruma. "Kisima ni changu! Atakayekunywa bila ruhusa yangu nitamla na kwato zake!"

Akalifunga Baraza, akaweka fisi wanne kisimani. Nchi ikapasuka pande mbili. Wakubwa wakaenda kwa Mfalme: Chui, Mbuni, na Jemadari Kifaru na vifaru wenzake kumi. Wadogo wakabaki na Mzee Kobe, mkuu wa Baraza. Huko walikuwa kanga, swala na nungunungu. Alikuwepo pia Nguchiro, mama wa watoto watatu, ambao ndimi zao zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma.

Pigano la kwanza halikuchukua muda. Kifaru aliinamisha pembe, akapaza sauti, "Mfalme juu!" Ardhi ikaitikia, tindi! tindi! tindi! Jeshi la Baraza likatawanyika kama pumba kwenye upepo.

Nguchiro alijitupa ndani ya tundu la kichuguu. "Basi tena," akajisemea. "Wanangu watakufa kwa kiu."

Alipochungulia nje, hakuamini macho yake. Kifaru hakuwa amegeuka kurudi kwa Mfalme wake. Alikuwa ameshika njia moja kwa moja hadi jikoni kwa Baraza, amezamisha pua kwenye chungu cha maboga, na wenzake vivyo hivyo. Nyam, nyam, nyam! Walirudi alasiri, matumbo yamewatangulia.

Na Mfalme? Saa zote hizo alikuwa amesimama uwanjani na Chui na Mbuni tu, nao walikuwa wanasukumana.

"Mkono wa kulia wa Mfalme ni wangu!" alisema Chui.

"Tangu lini, mwenye mabaka wewe?" alijibu Mbuni.

"Kumbe!" Nguchiro akanong'ona. "Jeshi hili lina pembe, lakini halina hatamu."

Akatoka mbio hadi kwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, Mzee. Kesho tukimbie."

"Marahaba, mwanangu. Kwani leo tumefanya nini?"

"Leo tumekimbia kwa woga. Kesho tukimbie kwa akili."

Akamweleza. Mzee Kobe alicheka hadi kichwa kikamrudi ndani ya gamba.

Wakapika maboga vyungu ishirini, wakavipeleka mbali, ng'ambo ya bonde, upande ule upepo unakotokea. Kulipokucha, Nguchiro alichuma tawi la amani, akaenda peke yake kambini kwa Mfalme. Chui alipomwona alijilamba midomo.

"Umeleta nini, kitafunwa?"

"Ujumbe, bwana mkubwa. Mzee Kobe anasema, akishindwa leo atajisalimisha kwa yule anayesimama mkono wa kulia wa Mfalme. Anauliza, ni nani huyo?"

"Mimi!" walisema Chui na Mbuni kwa pamoja.

"Haya, nitamwambia," akasema Nguchiro, akainama na kuondoka kwa adabu. Hajafika mbali akasikia kofi, paa! Manyoya ya mbuni yakapeperuka.

Jua lilipopanda, Kifaru aliinamisha pembe. "Mfalme juu!" Tindi! tindi! tindi! Jeshi la Baraza likapasuka katikati kama mlango, vifaru wakapita bila kugusa hata kanga mmoja. Wakataka kugeuka. Lo! Harufu ya maboga ikawapiga puani.

"Rudi, Jemadari!" Simba akanguruma.

"Naja, Mfalme! Naja!" akajibu Kifaru, huku akizidi kwenda.

"Chui! Mlinde Mfalme wako!"

"Akulinde Mbuni, si ndiye mkono wako wa kulia?" Chui akajibu, akaenda zake nyumbani. Mbuni naye alipojikuta peke yake alikumbuka kwamba ana miguu mirefu. Fyuu!

Hapo nungunungu wakatokea vichakani pamoja na Nguchiro, wakamzunguka Simba, miiba imesimama. Simba hakuwa mnyonge, watoto wangu. Alimrukia Nguchiro, kucha zikamparua mgongo. Nguchiro akapenya chini ya nungunungu, naye Simba akatua juu ya miiba kwa makalio.

"Uwiii!"

Wanyama walisahau vita wakacheka. Hawakuwahi kujua kwamba mfalme naye hulia uwiii.

"Mnataka nini?" akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Kisima kifunguliwe," akasema Nguchiro, akihema, damu ikimtoka mgongoni. "Na Baraza lirudi. Apa mbele ya wote."

Simba akatazama ng'ambo ya bonde. Hakukuwa na vumbi la kifaru anayerudi. Akaapa. Fisi wakafukuzwa, na wale watoto watatu wa Nguchiro wakaingiza vichwa majini hadi masikioni.

Alasiri Jemadari Kifaru akafika akitembea taratibu, midomo imejaa maboga.

"Ngwee!" akacheua. "Ee Mfalme, tumeshinda?"

Simba alikuwa amelala kifudifudi, Mzee Kobe anamng'oa miiba mmoja mmoja.

Mimi nimefika mwisho wa maneno. Aliyesikia na amsimulie aliyelala: mwenye nguvu asiyejua kujizuia hushindwa na mdogo anayejua kungoja.