Malkia Asiye na Sauti na Kiti Chenye Mto Mwekundu

Hapo zamani, mjini Tanga, Jumatano ilikuwa ya wanawake. Adhuhuri ikishapita, wanaume walifungiwa mlango wa sinema, na wanawake wakaingia wao kwa wao, buibui kwa buibui, na bisi, na mihogo ya kukaanga, na habari za watu. Nusu ya habari hizo zilikuwa za uongo, lakini zilikuwa tamu.

Sinema ilikuwa ya Bi Jamna, mwanamke wa Kihindi aliyefunga ufunguo kiunoni na hakufunga mdomo. Chini alikuwa na mabenchi. Juu, ghorofani, alikuwa na viti vya mito, na kila kiti kina mwenyewe. Basi mwaka ule kiti kimoja kikabaki kitupu, chenye mto mwekundu, chini ya feni. Mwenyewe alihamia Unguja kwa mwanawe. Wanawake wote wakakitupia jicho. Aliyekitupia macho yote mawili ni Bi Salmini.

Bi Salmini alishona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vidogo vya kutarizi, na sindano ilikuwa inamla macho kidogo kidogo. Miaka kumi na tisa alikaa benchi la mbele, shingo juu kama kuku anywaye maji. Malkia wote wa Bara Hindi aliwajua kwa tundu za pua. Alichotaka duniani kilikuwa kidogo tu: amtazame malkia mmoja uso kwa uso, wa kimo kimoja naye, kabla macho hayajazimika.

Jumatano moja ikaja picha ya wafalme wa kale. Palikuwa na ngome juu ya jabali, mfalme ametoka kwenda vitani, adui akaingia kwa hila, akaketi kwenye zulia la mwenziwe, akamwambia malkia, "Nichezee." Naye malkia anajua kuwa usiku ule ule mumewe na watu wake wanapanda ukuta kwa kamba. Basi akafunga njuga, akavaa bangili mikono yote miwili, akafungua kinywa aimbe.

Hapakutoka kitu.

Mkanda ule wa wimbo ulikuwa umeingia maji njiani. Picha ilipita, nzuri kama kawaida, lakini sauti haipo. Malkia anazunguka, mdomo unafunguka, mdomo unafumba.

"Bi Jamna!" wakapiga kelele. "Tumekuja kutazama samaki wakipumua?"

"Turudishie Jumatano yetu!"

Bi Jamna akasimama mlangoni, jasho linamtoka. "Jamani, nifanyeje? Nimwimbie mimi? Atakayempa malkia huyu wimbo, wallahi kile kiti cha juu ni chake mpaka afe!"

Watu wakacheka. Bi Salmini hakucheka. Hata hakusikia vizuri. Mwanga ulikuwa unamwagika juu ya kichwa chake, vumbi linaelea ndani yake polepole, na malkia alikuwa anayumba, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu mwenye mtoto begani. Kinywa cha Bi Salmini kikafunguka chenyewe. Ukatoka ule wimbo wa kubembelezea watoto aliobembelezewa na bibi yake, bila maneno, mmm, mmm tu. Jumba zima likanyamaza. Na adui kule kwenye zulia, yallah, akaanza kusinzia!

Lakini miguu ya malkia ilikuwa inakimbia, wimbo unatembea. Mtu mmoja nyuma akacheka, akafuata wa pili. Hapo akainuka Bi Mgeni, mpiga ngoma, aliyeachika mara tatu na kila talaka akaipigia ngoma siku tatu. Akamwaga visheti vya jirani yake mapajani mwa mwenyewe, akageuza kopo, akapiga. Alipiga njuga za malkia, kila kisigino na pigo lake. Miguu ikakutana na wimbo, hakuna tena wa kucheka.

"Lakini anasema nini?" wakaulizana. "Maskini, anasema nini?"

Akasimama Kulsum, binti wa Kihindi aliyekuwa akitengeneza miwani na baba yake. Mama yake Kulsum alikuwa kiziwi. Tangu utoto alizoea maneno yasiyo na sauti, anayasoma midomoni kama wewe unavyosoma barua. Akamtazama malkia, akamtazama tena. Kisha akasema kwa sauti, mstari baada ya mstari: "Lala, mgeni, lala. Aliyeijenga ngome hii anaijua njia hata gizani."

Bi Salmini akayatia maneno yale ndani ya wimbo wake. Bi Mgeni akayapigia. Wanawake wakalia mpaka bisi zikalowa. Mwisho wa picha ngome ikarudi mikononi mwa wenyewe, lakini mfalme akafa ukutani, na malkia akazivunja bangili zake jiweni, moja moja, kama wafanyavyo wajane wa Bara Hindi. Wakatoka nje, jua kali, macho mekundu, kila mmoja kama aliyeamshwa ndotoni.

Laiti mambo yangeishia pale.

Jumatano ya pili ukaja mkanda mzima. Jumba lilijaa, watu walikaa hata kwenye ngazi. Malkia akafunga njuga, akafungua kinywa, na wimbo ukatoka wa mbio mbio, wa furaha. Kulsum akajikunja kwenye benchi.

"Anasema nini huyu?" Bi Mgeni akamkamata. "Sema, mwanangu!"

"Anasema... bangili zangu zinalia, mvua inanyesha, njooni mzisikie bangili zangu."

"Na wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita pia," akasema Kulsum. "Niliona haya. Mumewe yuko ukutani na kamba, yeye anaimba bangili? Nikamtafutia maneno ya maana."

Kukawa vurugu. "Zima sauti! Huu wimbo wa harusi umetoka wapi? Turudishieni wetu!" Bi Jamna akagoma kuzima. Picha ikaenda mbele, na Bi Salmini, shingo juu, akatazama hadi mwisho. Mfalme akafa. Malkia akapiga mkono wa kwanza jiweni.

Ngaa!

Bi Salmini akashtuka kama aliyechomwa na sindano. Wiki iliyopita zilikuwa bangili tu; leo zilikuwa zile zile zilizoimbwa.

Picha ilipokwisha hawakutawanyika. Walimzunguka Bi Jamna, naye ameshuka na ule mto mwekundu, ameukumbatia.

Bi Mgeni akasema, "Shoga yangu Salmini aliimba, sikatai. Lakini aliimba malkia akachekwa. Nani aliyemwondolea aibu? Kopo langu. Nipe mto."

Kulsum akasema, "Bi Mgeni, shikamoo, lakini mlilia kwa lipi? Kwa mmm? Kwa kopo la visheti? Mlilia kwa maneno yangu."

"Maneno ya uongo!"

"Ya uongo, ndiyo. Na nyote mmeukataa wa kweli."

Bi Salmini akasema, "Mimi sina mengi. Kabla yangu palikuwa kimya. Na adui alilala kwa wimbo wangu, mlimwona wenyewe. Wengine wote walikuta njia imeshafunguliwa."

Bi Jamna akawatazama, akacheka kwa pua. "Nyie! Adui yuko mbele yake, na nyinyi mnamwimbisha kuwa mumewe yuko njiani! Mngemwua mtu wa watu kabla ya alfajiri. Yule aliimba bangili ili kelele za bangili zifunike kelele za kamba. Wimbo unaomfaa malkia ni wake mwenyewe. Kiti kibaki kitupu."

"Adui alikuwa haelewi Kiswahili!" Bi Mgeni akamrukia. "Malkia alikuwa anatuimbia sisi!"

Wakacheka, wakazomea. Lakini Bi Jamna hakucheka. Akamgeukia Bi Salmini. "Wewe ndiwe uliyekaa mbele. Bangili zilipovunjika leo, hukusikia kitu?"

Bi Salmini akautazama ule mto. Wekundu wake alikuwa akiuona bado, lakini tarizi ya pembeni ilikuwa imeshaanza kufifia machoni mwake. Angeweza kusema hapana. Nani angejua?

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia ule wimbo wote unavunjika."

Bi Mgeni akampiga kofi la bega. "Mjinga wewe! Umejikosesha!"

Basi feni imeshaanza kuzunguka, Bi Jamna yuko ngazini na mto mkononi, na kiti ni kimoja. Yuko aliyempa malkia sauti, kisha akakiri mbele ya watu kuwa sauti ya malkia mwenyewe nayo ilikuwa na maana. Yuko aliyeikutanisha miguu yake na wimbo. Yuko aliyesema uongo ukaliza jumba zima. Na yuko malkia mwenyewe na bangili zake, ambaye hakuna aliyemwuliza.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mnatafuna tu: mto ule apewe nani?